Mtafiti wa jamii na mizani ya hospitali zetu

Katika nyumba zetu nyingi, matokeo ya mtihani yanapotoka, kijana aliyefaulu huulizwa swali moja tu: utasomea udaktari au uhandisi? Akijibu kwamba moyo wake uko kwenye historia, uraia au elimu ya jamii, wazee hutazamana. Baba hukohoa, mama huuliza mtoto atakula nini, na shangazi hukumbushia jamaa fulani aliyesomea "mambo hayo" na mpaka leo anatafuta kazi. Aghalabu mjadala huishia hapo, na kijana huelekezwa njia ambayo hakuichagua.

Wiki hii, ndugu msomaji, tumeona tuitazame kazi moja iliyozaliwa ndani ya elimu hiyo ya jamii, nayo inagusa uhai wa kila familia inayosoma ukurasa huu. Ni kazi ya kupima ubora wa huduma za hospitali na kuwaeleza wananchi kilichoonekana. Tutaipitia kwa kufuata safari ya mtafiti mmoja wa Marekani, Bibi Judith Hibbard, aliyefundisha na kutafiti kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Oregon. Bibi huyu hakupata jina kwa kushika kisu cha upasuaji. Zana zake zilikuwa dodoso, mahojiano, majaribio na hesabu za takwimu, na swali lililomshughulisha lilikuwa la kawaida kabisa: mtu wa kawaida anajuaje kwamba hospitali hii ni nzuri kuliko ile?

Tujiulize na sisi. Mke anapokaribia kujifungua, au mzee anapohitaji kupasuliwa, familia huchagua hospitali kwa kigezo gani? Wengi wetu huuliza jirani. Wengine hutazama jengo, rangi ya ukuta na usafi wa sakafu. Wengine hutazama bei, wakiamini kwamba palipo ghali ndipo palipo na tiba. Vigezo hivyo vina thamani yake, lakini havijibu swali lenyewe, yaani wagonjwa wanaoingia pale kwa tatizo kama hili langu hutoka wakiwa katika hali gani?

Swali hilo lina historia ndefu, na aliyeliuliza zamani hakushukuriwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari wa upasuaji wa mjini Boston aitwaye Ernest Codman alipendekeza kwamba kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa kwa muda wa kutosha baada ya kutibiwa, ione kama tiba ilifaulu, na kama haikufaulu ijiulize kwa nini. Hospitali kubwa hazikulikubali wazo hilo. Mwaka 1911 akafungua hospitali yake ndogo, na hadi mwaka 1916 aliandika habari za wagonjwa 337 walioruhusiwa kutoka, akikiri makosa 123 na kuyachapisha ili yeyote ayasome. Wenzake wengi walimwona msumbufu, naye akapoteza vyeo na marafiki. Wazo lake lililala kwa miongo mingi.

Gharama ya kulilaza wazo kama hilo ilionekana katika mji wa Bristol, Uingereza. Katika hospitali moja ya huko, watoto wachanga waliofanyiwa upasuaji wa moyo walikuwa wakifariki kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, aliona jambo hilo na kuanza kulihoji mapema katika miaka ya 1990. Haikuwa rahisi kusikilizwa. Tume iliyoongozwa na Ian Kennedy ilitoa ripoti yake mwaka 2001, ikaeleza kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 watoto wa chini ya mwaka mmoja waliofariki pale walizidi kwa 30 hadi 35 idadi ambayo ingetarajiwa kama kitengo kile kingekuwa sawa na vitengo vingine nchini humo. Wazazi waliowapeleka watoto wao pale waliwapeleka kwa imani. Hesabu ambayo ingewafanya waulize maswali haikuwa mikononi mwao.

Nchini Marekani, jimbo la New York lilikuwa limeshaanza njia nyingine. Kuanzia mwaka 1989 idara ya afya ya jimbo ilikusanya taarifa za upasuaji wa mishipa ya moyo katika kila hospitali, na baada ya muda ikazitangaza hadharani. Gazeti la Newsday lilikwenda mahakamani kudai hata matokeo ya kila daktari mmoja mmoja, likashinda. Kati ya mwaka 1989 na 1992 kiwango cha vifo, baada ya kuzingatia ukali wa maradhi ya wagonjwa, kilishuka kutoka asilimia 4.17 hadi 2.45. Wataalamu hawakukubaliana kuhusu ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na kutangaza, kwa sababu vifo vya aina hiyo vilipungua pia katika majimbo yasiyotangaza. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Hapo ndipo kazi ya watu kama Bibi Hibbard ilipohitajika. Wenye mamlaka walidhani kwamba ukishachapisha takwimu umemaliza, mwananchi atasoma na kuchagua. Mtafiti wa jamii alikwenda kwa mwananchi mwenyewe kumuuliza ameelewa nini. Katika miaka ya 1990, yeye na mwenzake Jacquelyn Jewett waliwaonyesha watu vipimo vilivyokuwa vikitumika kupima huduma za afya, wakawasikiliza wakivieleza kwa maneno yao. Ilidhihirika kwamba vipimo vingi havikueleweka, na kwamba mtu asipoelewa kipimo hukiona hakina maana, hata kama wataalamu wanakithamini.

Tutoe mfano wetu wenyewe. Tuseme imeandikwa kwamba hospitali moja huwazalisha kwa upasuaji wanawake 40 katika kila 100, na nyingine 15. Je, ipi ni bora? Mmoja atasema ile ya kwanza ina madaktari hodari wa upasuaji. Mwingine atasema ile ya pili haiwakimbizi wanawake kwenye kisu bila sababu. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye busara, atauliza kwanza ni wanawake gani wanaopelekwa kila hospitali. Tarakimu peke yake ni bubu, na inahitaji mtu wa kuifanya iseme bila kuifanya iseme uongo.

Kwa hiyo Bibi Hibbard alishirikiana na wanasaikolojia, wakiwemo Paul Slovic na Ellen Peters, kufanya majaribio. Walichukua taarifa ileile wakaiandika kwa namna tofauti, kisha wakatazama watu wanavyochagua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 walionyesha kwamba kumpa mtu habari chache zilizo muhimu, zilizopangwa vizuri, humsaidia kuelewa na kuchagua vyema kuliko kumrundikia kila kitu. Waliofaidika hasa ni wale wasio na uzoefu mkubwa wa tarakimu. Funzo hilo lina uzito kwetu. Aliyeandika taarifa ngumu hana haki ya kumlaumu msomaji kwamba hajui kusoma.

Utafiti wake ambao huenda ndio unaotajwa zaidi ulifanyika katika jimbo la Wisconsin. Umoja wa waajiri wa huko ulichapisha ripoti iliyolinganisha hospitali 24 za eneo la kusini ya kati la jimbo hilo, na wananchi wakaisoma. Hospitali nyingine za jimbo ziligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilipewa ripoti yake kwa siri, likasome lenyewe. Kundi lingine halikupewa chochote. Kisha Bibi Hibbard na wenzake wakauliza kila hospitali imefanya nini kuboresha huduma zake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Hospitali zilizotangazwa hadharani zilikuwa zimeanzisha juhudi nyingi zaidi za kujirekebisha, hususan katika huduma za uzazi, kuliko zile zilizopewa ripoti ya siri na zile zisizopewa kitu. Mwaka 2005 walichapisha ufuatiliaji, na hapo ikaonekana kwamba mabadiliko yalionekana hata katika matokeo ya wagonjwa.

Jambo la kuzingatia ni sababu yake. Wengi walitarajia kwamba wagonjwa wangeihama hospitali yenye alama mbaya, nayo ingejirekebisha kwa kuogopa hasara. Haikuwa hivyo. Mgawanyo wa wagonjwa kati ya hospitali haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kilichoziamsha hospitali kilikuwa jina lao. Wananchi waliosoma ripoti waliikumbuka, waliisimulia, na viongozi wa hospitali walijua kwamba inasimuliwa. Sisi watu wa huku hatuhitaji kufundishwa nguvu ya jambo hilo. Mfanyabiashara wa sokoni anayepunja mizani haogopi sana kwamba wateja wote watamkimbia. Anaogopa siku atakayotajwa barazani. Ripoti ya siri iliwekwa kabatini. Ripoti ya wazi iliwafanya watu wazima wakae kikao.

Mwaka 2012 Bibi Hibbard na wenzake walichapisha jaribio lingine, safari hii kuhusu bei. Waliwashirikisha waajiriwa zaidi ya 1,400, wakawaonyesha taarifa za gharama na ubora wa watoa huduma. Sehemu kubwa ya watu hao, ingawa si wengi wao, waliwakwepa watoa huduma wa bei nafuu kwa kudhani kwamba unafuu ni dalili ya ubovu. Hata waliokuwa wakilipa sehemu kubwa ya gharama kutoka mifukoni mwao walielekea kufikiri hivyo. Taarifa ya ubora ilipowekwa wazi kando ya bei, kwa alama rahisi kueleweka, watu waliweza kumchagua aliye bora na nafuu kwa pamoja. Ni familia ngapi miongoni mwetu zimeuza kiwanja au kukopa ili mgonjwa apelekwe mahali ghali, bila kuwa na ushahidi wowote kwamba pale ghali ndipo atakapopona?

Katika miaka hiyohiyo alikuwa na kazi nyingine mkononi. Mwaka 2004 yeye na wenzake walitoa kipimo cha kujua mgonjwa mwenyewe ana maarifa, ustadi na ujasiri kiasi gani wa kushughulikia afya yake. Kilianza na maswali 22, kisha kikafupishwa hadi 13, na humweka mtu katika moja ya ngazi nne. Wa ngazi ya chini huamini kwamba afya yake ni kazi ya daktari peke yake. Wa ngazi ya juu hujua dawa zake, huuliza maswali, na hushikilia utaratibu wake hata siku za dhiki. Kipimo hicho kimetafsiriwa na kutumika katika nchi nyingi. Kilikuja kwa mtafiti aliyekaa akawasikiliza wagonjwa, akatofautisha aina za ukimya wao.

Tusiipambe kazi hii kupita kiasi, kwani ina mitego. Hospitali inayopokea wagonjwa mahututi kutoka wilaya nzima itakuwa na vifo vingi kuliko kliniki inayotibu mafua, na kuzilinganisha bila kuzingatia hilo ni dhuluma. Ndiyo maana watafiti hurekebisha hesabu kwa kuangalia umri wa wagonjwa, ukali wa maradhi na maradhi mengine waliyonayo. Fauka ya hayo, daktari anayejua kwamba atapimwa kwa vifo anaweza kushawishika kumkwepa mgonjwa aliye taabani. Wapo wachumi waliochunguza majimbo ya Marekani yaliyotangaza matokeo ya upasuaji wa moyo, wakaeleza kwamba jambo hilo lilitokea. Mizani mbovu hudhuru pande zote mbili. Humchafua mtendaji mwema, na humfukuza mlangoni mgonjwa mnyonge.

Ama kuhusu nchi yetu, hoja hii si ya mbali hata kidogo. Watafiti waliokwenda wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, walikuta kwamba wanawake wengi waliojifungulia katika vituo vya huduma walikuwa wamekipita kituo kilicho karibu na nyumbani wakaenda cha mbali zaidi. Utafiti huo, ulioongozwa na Margaret Kruk, ulichapishwa mwaka 2009. Mama mwenye uchungu anayekipita kituo cha jirani anatoa ripoti yake ya ubora kwa miguu yake, na anaitoa kwa gharama ya nauli, muda na hatari. Mtafiti alichofanya ni kuiandika ripoti hiyo ili wenye mamlaka waisome.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ya Tanzania ilianza kuvipima vituo vya huduma za msingi, yaani zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya, kwa mfumo wa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini nyota ikibaki katika faili la ofisini, itafanya kazi ya ile ripoti ya siri ya Wisconsin. Mwananchi anastahili kujua zahanati ya mtaani kwake ina nyota ngapi, imekosa nini, na nani ameahidi kurekebisha lini. Mwaka 2018 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Margaret Kruk huyohuyo pamoja na Muhammad Pate wa Nigeria ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, vifo milioni 8.6 kila mwaka vingeweza kuepukwa kwa matibabu. Kati ya hivyo, milioni 5 ni vya watu waliofika kwenye huduma, lakini huduma ikawa duni. Tumezoea kuamini kwamba wanaokufa ni wale waliochelewa kufika. Hesabu hii inasema walio wengi walifika.

Basi tuna mambo mawili ya kuwaachia wazazi.

La kwanza ni la leo. Unapompeleka mgonjwa, uliza. Uliza kituo kina nyota ngapi. Kama ni uzazi, uliza mkunga yupo usiku na siku za sikukuu, damu inapatikana, na gari la kumhamishia mgonjwa lipo. Kama ni upasuaji, uliza aina hiyo hufanyika mara ngapi kwa mwezi na wagonjwa huendeleaje. Uliza kwa adabu, kwa maana wauguzi wetu wengi wanafanya kazi nzito kwa vifaa haba. Kama kuna kamati ya kituo cha afya katika eneo lenu, hudhuria mikutano yake, na muwepo akina baba na akina mama, kwani wanaojua hali ya wodi ya uzazi ni waliolala humo.

La pili ni la yule kijana aliyetazamwa kwa huruma. Mwanao anayependa kuuliza kwa nini watu wa mtaa huu wanaikwepa zahanati yao, anayekaa na bibi yake akamsikiliza hadithi hiyohiyo mara tatu bila kuchoka, na ambaye hesabu hazimtishi, ana kazi ya maana inayomngoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha sosholojia. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina skuli inayounganisha afya ya jamii na sayansi za jamii. Taasisi ya Afya Ifakara ina watafiti wa aina hiyo wanaofanya kazi vijijini na mijini. Ni lazima aelewe tangu mwanzo kwamba njia hii inadai takwimu, subira na uaminifu. Dodoso baya huzaa jibu baya, na jibu lililopikwa linaweza kuua mtu ambaye mtafiti hatamwona kamwe.

Inadai pia Kiswahili safi. Dodoso nyingi hutungwa kwa lugha ya kigeni, kisha hutafsiriwa kwa haraka. Mama anaulizwa kama "aliridhika na huduma" naye anajibu ndiyo, kwa sababu mtoto yuko hai na kulalamika anakuona ni kukufuru neema. Mtafiti aliyelelewa katika lugha hii atajua kwamba ile ndiyo haijajibu swali. Atauliza tena kwa njia nyingine: ulipoita usiku, nani alikuja? Alikuja baada ya muda gani? Alikuambia nini kabla ya kukushika? Majibu hayo ndiyo yanayoweza kuandikwa katika ripoti, na ripoti hiyo ndiyo inayoweza kubandikwa ukutani mwa zahanati, kila mwenye macho akaisoma.

Panapo majaaliwa, tukutane tena wiki ijayo.